Dinozord: mchezo wa Kisangani ulioandikwa toka gereza la Makala

Kati ya michezo ya teatri iliyotoka Congo tangu vita vya miaka ya 1990, kuna mmoja ambao maneno yake yaliandikwa na mfungwa aliyehukumiwa kifo. Unaitwa Dinozord. Ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2006, ukatengenezwa upya mwaka 2012, na kati ya miaka hiyo miwili mwandishi wake alitoroka gerezani. Umeonwa Vienna, Avignon na New York. Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Bunia au Lubumbashi hawajawahi kuusikia, wakati hadithi yake ni ya vijana wa mashariki mwa inchi yetu: wale waliozaliwa chini ya Mobutu, wakaahidiwa kesho nzuri mara mbili, na mara zote mbili wakabaki mikono mitupu.

Watoto wa mwaka 1974

Mtunzi wa mchezo huo ni Faustin Linyekula. Alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, mahali ambapo reli ya kutoka Kisangani inaishia, juu ya maporomoko ambayo mashua haziwezi kupita. Mwaka ule Zaïre ilikuwa inchi ya majivuno. Mwezi wa Oktoba, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa na dunia nzima ikatazama. Watoto wa wakati ule waliimba kila asubuhi shuleni kumsifu Raisi mbele ya kuingia darasani. Waliambiwa kwamba Zaïre ni ya kwanza Afrika, na wao ndio watakaoirithi.

Walipofika umri wa kuingia chuo kikuu, urithi ulikuwa umekwisha kuliwa. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mwezi uliofuata, askari waliingia usiku katika kampusi ya Lubumbashi na kuua wanafunzi. Masomo yalisimama, na wanafunzi wa Zaïre wakajua maana ya mwaka mweupe, mwaka bila masomo wala mitihani. Mwaka 1991, halafu tena mwaka 1993, askari wasiolipwa waliiba maduka na nyumba katika miji mikubwa, na raia wakafuata nyuma yao.

Katika hali hiyo, marafiki watatu wa Kisangani walikuwa wakisoma, wakiandika na kuota teatri: Linyekula, Antoine Vumilia Muhindo, na kijana aliyeitwa Kabako. Mji wao, Boyoma, ulikuwa mbali na kila kitu. Kitabu kimoja kilipita mikono mingi mpaka karasa zikachanika. Waliamini kwamba maneno yanaweza kumtoa mtu mahali alipo na kumfikisha mbali.

Njia tatu

Maisha yaliwatenganisha. Mwaka 1993 Linyekula alienda Nairobi. Huko, mwaka 1997, yeye na Mkenya Opiyo Okach pamoja na Afrah Tenambergen walianzisha Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa inchini Kenya. Mtu wa teatri akawa mtu wa dansi, na tangu siku hizo kazi zake zimechanganya vyote viwili: mwili unacheza, mdomo unasimulia.

Kabako yeye alikufa kijana, kwa ugonjwa wa tauni. Msomaji wa Ulaya akisikia neno hilo anafikiri mambo ya miaka 700 iliyopita. Sisi tunajua kwamba tauni haijatoka kwetu: Ituri ni moja ya sehemu za dunia ambako ugonjwa huo unarudi mara kwa mara, na mtu anaupona kwa dawa za kawaida akitunzwa haraka. Kijana aliyetaka kuwa mwandishi aliuawa na ugonjwa ambao dawa yake iko. Katika mchezo wa Dinozord, kifo hicho kinasimama mahali pa vifo vingi visivyo na sababu ya maana.

Vumilia alichukua njia ya vijana wengi wa mashariki wa wakati ule. Uasi wa AFDL ulipoanza mwaka 1996, aliuingia. Tarehe 15 Machi 1997 wapiganaji waliikamata Kisangani, na tarehe 17 Mei wakaingia Kinshasa. Wenye kuishi wakati ule wanakumbuka furaha iliyokuwa barabarani: vijana walipanda magari ya kadogo, wazee walisema sasa inchi imepona. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi ya pili. Vumilia akafanya kazi katika idara za usalama za utawala mpya.

Furaha haikudumu. Mwaka 1998 vita vilianza upya, na Kisangani ikawa uwanja wa majeshi ya wengine. Rwanda na Uganda, waliokuwa marafiki jana, walipigana mara tatu ndani ya mji huo. Mara ya mwisho, tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, mabomu yalianguka kwenye makartiye kwa siku sita na kuua mamia ya raia. Ilibidi kungoja mpaka Februari 2022 ili Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325 kwa maovu ya vita vile.

Tarehe 16 Januari 2001 Raisi Laurent-Désiré Kabila aliuawa ofisini mwake. Watu wengi walikamatwa, na Vumilia alikuwa mmoja wao. Zaidi ya watu 100 walipelekwa mbele ya korti maalumu ya kijeshi, ambayo hukumu yake haikuruhusu kukata rufaa. Mnamo Januari 2003, zaidi ya 20 kati yao walihukumiwa kifo. Jina la Vumilia lilikuwa kwenye orodha hiyo. Mashirika ya haki za binadamu yalilaumu kesi hiyo toka mwanzo mpaka mwisho. Hukumu haikutekelezwa, lakini haikufutwa pia. Alibaki Makala.

Mwenye kurudi anakuta nini?

Mwaka ule ule wa 2001, wakati Vumilia anafungwa Kinshasa, Linyekula alirudi inchini. Alifungua Kinshasa nyumba ya kazi ya sanaa na kuipa jina la rafiki aliyekufa: Studios Kabako. Kazi zake za kwanza zilitafuta namna ya kusimama juu ya nchi iliyobomoka. Mwaka 2005 alitunga Le Festival des mensonges, ambamo watazamaji walikula na kunywa huku wakisikiliza hotuba za kweli za wakubwa wa Congo toka uhuru, moja baada ya nyingine. Wasikilizaji walicheka, kisha kicheko kikawakauka midomoni, maana kila ahadi waliijua.

Kisha akageukia mji wake. Studios Kabako zikahamia Kisangani, jambo ambalo wengi hawakulielewa. Msanii wa Congo akipata jina, kawaida anatoka Kisangani kwenda Kinshasa, na toka Kinshasa kwenda Bruxelles au Paris. Yeye alishuka kinyume cha mto wa watu.

Dinozord ilizaliwa katika safari hiyo ya kurudi. Swali lake ni rahisi kulisema: mtu akirudi nyumbani baada ya miaka mingi, na kati ya marafiki wa ujana mmoja amekufa na mwingine anangoja kunyongwa, ndoto yao ya zamani anaizika wapi?

Linyekula aliomba maneno kwa Vumilia. Mfungwa aliandika, na maandishi yake yakatoka ndani ya kuta za Makala yakafika kwa wachezaji. Jambo hilo lina uzito kwa mtu anayejua gereza lile. Lilijengwa kwa ajili ya wafungwa 1.500 na limebeba mara nyingi idadi hiyo. Ndani yake chakula kinategemea jamaa walio inje, na karasa na kalamu si vitu vya kila siku.

Jina la mcheza dansi mmoja

Dinozord ni jina la utani la kijana wa Kinshasa, mcheza hip-hop, aliyeingia katika kundi. Watoto waliotazama Power Rangers kwenye televisheni wanalijua neno hilo: mashine kubwa zenye sura ya wanyama wa kale waliokwisha kutoweka duniani. Kijana alijipa jina la mnyama wa mwisho wa ukoo wake. Mtunzi hakuhitaji kutafuta kichwa kingine cha mchezo.

Pamoja naye walisimama Papy Ebotani kwa dansi, Papy Mbwiti kwa maneno, na Serge Kakudji kwa kuimba. Kakudji, mtoto wa Katanga, alikuwa bado kijana mdogo, mwenye sauti ya juu ambayo wengi wakiisikia bila kumwona wanadhani ni ya mwanamke. Leo anajulikana katika nyumba za opera za Ulaya.

Nafasi ya kuonyesha ilitoka Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwaka 2006 mji huo ulisherehekea miaka 250 tangu kuzaliwa kwa mtunzi wa muziki Mozart. Mmarekani Peter Sellars alipewa kazi ya kuandaa tamasha lililoitwa New Crowned Hope, na badala ya kurudia nyimbo za Mozart peke yake, aliwaita wasanii wa inchi mbalimbali watunge kazi mpya. Linyekula akachukua Requiem, misa ya wafu ambayo Mozart alikufa mbele ya kuimaliza, na kuisogeza mpaka kwenye matanga ya Kisangani.

Neno matanga ndilo linalosaidia kuelewa mchezo huu. Kwetu, maiti haiachwi peke yake. Watu wanakuja, wanalala inje kwenye mikeka, wanaimba, wanalia, wanachekeshana usiku, na siku ikifika matanga yanavunjwa ili walio hai warudi kazini. Kabako alikosa hayo kutoka kwa wenzake. Marafiki walitawanyika. Dinozord ni matanga yaliyochelewa miaka mingi, yakafanyika kwenye jukwaa la wageni kwa sababu nyumbani hapakuwa na nafasi. Mwaka 2007 mchezo ulifika Avignon, Ufaransa, kwenye moja ya tamasha kubwa za teatri za dunia, pamoja na Le Festival des mensonges. Mwaka huo huo Linyekula alipewa tuzo kuu ya Prince Claus, inchini Uholanzi.

Watazamaji walipiga makofi. Mwandishi wa maneno waliyoyasikia alikuwa bado katika seli.

Toka kilio mpaka makelele

Marafiki hao wawili hawakuishia pale. Mwaka 2009 walitoa kazi nyingine, Linyekula jukwaani na Vumilia gerezani: more more more… future. Kilikuwa nusu dansi, nusu konseri. Mpiga gitaa alikuwa Flamme Kapaya, yule ambaye vidole vyake vilichezesha Congo nzima alipokuwa na Werrason katika Wenge Musica Maison Mère. Mavazi yalishonwa na Xuly Bët, mbunifu wa asili ya Mali anayejulikana kwa kukata nguo zilizovaliwa na kuzishona upya. Mtu anayeenda sokoni kuchambua nguo za chagua anaelewa ufundi huo bila maelezo.

Wazo la kazi hiyo lilitoka mbali. Mwaka 1977, vijana wa punk wa Uingereza walipiga kelele kwamba hakuna kesho. Linyekula alijiuliza: kijana wa Kisangani au Kinshasa anaweza kusema hivyo? Yule wa Uingereza alikuwa na nyumba aliyotaka kuivunja. Huyu wa kwetu alizaliwa nyumba imekwisha kuanguka. Kusema hakuna kesho ni kurudia tu kile ambacho kila mtu anakiona. Kwa hiyo akageuza kilio kile kikawa dai: tunataka kesho, tena kesho zaidi, tena zaidi.

Na alichukua ndombolo kuibeba. Watu wengi wa sanaa hudharau ndombolo, wakisema ni muziki wa kutaja majina ya matajiri na kusahau shida. Kazi hii ilikubali kwamba mtu anayecheza usiku kucha katika mji bila umeme anafanya kitu kikubwa pia. Juu ya gitaa lile, maneno ya mfungwa wa Makala yaliimbwa. Walioingia kucheza walijikuta wakisikiliza. Mwaka 2011 kazi hiyo ilifika New York.

Mwandishi anatoka

Wakati huo jambo kubwa lilikuwa limekwisha kutokea: baada ya karibu miaka 10 ndani, Vumilia alitoroka Makala. Alivuka mipaka, akapata hifadhi Sweden. Alionekana pia katika filamu ya Marlène Rabaud na Arnaud Zajtman ya mwaka 2011 juu ya kifo cha Mzee Kabila.

Hapo Dinozord haikuweza tena kuchezwa kama zamani. Mchezo mzima ulikuwa umejengwa juu ya marafiki wawili wasiokuwepo: mmoja kaburini, mwingine gerezani. Sasa wa pili alikuwa huru, lakini mbali, na hakuweza kurudi katika inchi ambako hukumu ya kifo ilikuwa bado inamngoja. Mwaka 2012 Linyekula aliufungua mchezo na kuutengeneza upya, kwa jina Sur les traces de Dinozord, yaani kufuata nyayo za Dinozord. Vumilia aliingia kama mmoja wa wahusika, akisimulia maisha yake mwenyewe. Mwaka 2017 mchezo huo ulionyeshwa New York.

Ukiweka matoleo hayo mawili kandokando, unaona mambo ambayo kitabu cha historia hakisemi. Mwaka 2006 swali lilikuwa: tutamzikaje Kabako, na tutamwokoaje Vumilia? Mwaka 2012 swali likawa: mtu aliyeokoka anaishije mbali na kwao? Kijana aliyejiita mnyama wa mwisho alikuwa amekuwa mtu mzima. Kizazi kilichojilaumu kwa kuamini ahadi za wakubwa kilianza kujiuliza chenyewe kitawaachia nini watoto wake.

Wengine waliohukumiwa katika kesi ile ile walingoja zaidi. Kanali Eddy Kapend na wenzake walitoka Makala Januari 2021, kwa msamaha wa Raisi Félix Tshisekedi, baada ya miaka karibu 20. Na mnamo Machi 2024 serikali iliondoa katazo la kutekeleza hukumu za kifo, lililokuwa limedumu toka mwaka 2003. Maneno ambayo Vumilia aliyaandika akiwa anangoja kamba hayajawa maneno ya zamani.

Nani anatazama?

Kuna lawama ambayo kazi hii haiwezi kuikwepa. Michezo inayosimulia shida zetu inaonwa zaidi na Wazungu kuliko na sisi. Feza zinatoka Ulaya, majumba ya teatri yako Ulaya, na Mkongomani wa Kisangani anayetaka kuona mchezo wa Kisangani anahitaji visa. Linyekula mwenyewe ameishi na swali hilo kwa miaka mingi, na jibu lake limekuwa la vitendo. Studios Kabako zimefundisha vijana wa Kisangani dansi, teatri, muziki na filamu. Zimefanya kazi katika komini ya Lubunga, ng'ambo ya mto, ambako daraja halipo na maji safi ni shida, na huko zilijishughulisha pia na usafishaji wa maji. Mtu anaweza kuuliza dansi na maji vinahusiana wapi. Mwenye kuhara hachezi.

Baadaye alirudi nyuma zaidi ya umri wake. Mwaka 2019, katika Histoire(s) du théâtre II, aliwapandisha jukwaani wazee waliokuwa katika Ballet national du Zaïre, kundi lililoundwa na Mobutu mwaka 1974, mwaka aliozaliwa yeye. Wale nao waliwahi kucheza wakiamini kwamba wanacheza kwa ajili ya inchi inayopanda. Akawauliza mwili wao unakumbuka nini.

Kwa msomaji wa Kivu au Ituri, hadithi hii si ya zamani wala ya mbali. Mnamo Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, na Bukavu mwezi uliofuata. Wanafunzi wengi wamekatiwa masomo. Wengine wamechukua bunduki, upande huu au ule, kila mmoja akiambiwa kwamba safari hii mabadiliko ni ya kweli. Wengine wamevuka mpaka, na wengine wamekufa kwa magonjwa yenye dawa. Njia tatu za Linyekula, Vumilia na Kabako ziko wazi mbele yao, kama zilivyokuwa mwaka 1993.

Tofauti ni moja. Wale watatu walipokuwa na miaka 20, hakuna mtu wa Kisangani aliyekuwa amewaachia mchezo unaosimulia jinsi vijana wanavyodanganywa na jinsi marafiki wanavyotafutana baada ya vita. Vijana wa leo wanao. Kinachokosekana ni ukumbi, umeme wa saa mbili, na mtu wa kuuleta mchezo huo Bunia, Beni au Uvira ili uonwe na wale unaowahusu.